Naomba ushauri: daftari la wageni na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninasimamia nyumba ya kulala wageni mjini Morogoro, na naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kuandaa biashara ndogo iendane na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023 na inayowataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kinachonisumbua zaidi ni daftari la wageni. Liko wazi mapokezi, na kila anayejaza mstari wake anaweza kusoma jina, namba ya simu na alikotoka mgeni aliyelala jana, jambo ambalo kwa nyumba ya wageni (mnaelewa wenyewe) lina uzito wake. Nimefikiria kutumia kadi moja kwa kila mgeni na kuzifungia kabatini, lakini askari wanaokuja kukagua wamezoea kuona daftari. Je, yupo aliyebadilisha utaratibu huo bila kugongana nao? Na madaftari ya zamani yaliyojaa stoo yatunzwe kwa muda gani kabla ya kuteketezwa?

Picha za vitambulisho zilizo kwenye simu binafsi ya mhudumu hazihitaji mjadala, zitafutwa. Ila kamera ya korido inatunza kumbukumbu zake kwenye seva iliyo nje ya nchi, na sheria imeweka masharti ya kusafirisha taarifa nje. Kwa hilo nianzie kwa mwanasheria, au niende Tume moja kwa moja?