Mrejesho: gari la zamani la mashindano, rangi sijaigusa

Wakuu, niliuliza kama nilipige rangi upya gari langu la zamani la mashindano au niliache na makovu yake. Nimeliacha. Aliyesema rangi ya kiwandani ukishaikwangua hairudi ndiye aliyenimaliza. Namba ya mlangoni imechorwa kwa brashi, mistari haijanyooka, na pua yote ina alama za kokoto. Nani ataichora tena hiyo?

Kutu ni habari nyingine. Sakafuni nimekwangua hadi bati safi, nikapaka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu) na rangi. Bodi nimeiosha kwa sabuni laini, kisha nta. Kitambaa kikitoka na wekundu wa gari, ujue unaondoa rangi yenyewe, kwa kuwa haina vanishi juu (tabaka angavu la kuikinga), punguza mkono. Breki, paipu za mafuta na mikanda ya usalama vyote vipya, hapo sina huruma.