Kuhama kutoka majalada ya karatasi bila kuvunjika moyo

Swali: Ndugu wanajukwaa, nasimamia uhamishaji wa majalada kwenda mfumo wa kompyuta katika taasisi ya umma yenye matawi mikoani. Wakuu wa idara huafiki kikaoni, lakini wakirudi ofisini bado hudai dokezo lililochapwa na kugongwa muhuri. Nifanyeje ili kazi isonge nami nisikate tamaa?

Mstaafu: Mwanangu, anza na watu wa masjala. Anayejua jalada lilipo ana mamlaka ya kimyakimya, na mfumo ukimnyang'anya nafasi hiyo pasipo kumpa nyingine, atakukwamisha kwa adabu kabisa.

Afisa Utumishi: Mzee amesema kweli. Mwaka 1995 John Kotter, profesa wa uongozi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliorodhesha makosa manane yanayoangusha mabadiliko, la kwanza likiwa kushindwa kuwafanya watu waone udharura. Kwa maoni yangu, mkurugenzi mkuu akikataa kusaini karatasi kwa wiki moja tu, udharura utaonekana bila semina (na bila posho zake).

Mshauri: Kuhusu moyo wako: upinzani huo unalenga utaratibu, haukulengi wewe. Tafuta mtu wa kuzungumza naye asiye bosi wala msaidizi wako, na likizo yako ya mwaka usiiahirishe.