Ushauri: Husqvarna FE 350 ya 2019 yenye breki za Magura, au nisubiri KTM yenye Brembo?

Mpare wa Njiro

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa pikipiki za porini. Tunatoka Arusha kwenda Longido, Engaruka mpaka Ziwa Natron, na mara nyingine tunavuka kwenda Usambara. Nataka kubadilisha pikipiki yangu na nimepata mbili zilizotumika. Moja ni Husqvarna FE 350 ya 2019, nyingine KTM 350 EXC-F ya mwaka huohuo. Injini ni ukoo mmoja, fremu karibu ileile, zote zimetoka Mattighofen kule Austria. Husqvarna imetunzwa vizuri zaidi na bei yake ni nafuu. KTM imechoka na mwenyewe hashuki bei.

Kinachonikwamisha ni breki. KTM ina Brembo mbele na nyuma. Husqvarna ina Magura, breki pamoja na klachi. Mzee mmoja wa gereji aliniambia kampuni ikibadilisha mahali inaponunua breki ujue inabana matumizi, na anayeumia ni mnunuzi. Nilipofuatilia nikakuta enduro (pikipiki za porini) za Husqvarna zilikuwa na Brembo, kuanzia toleo la 2018 zikapewa Magura, halafu toleo la 2022 zikahamia Braktec. Yaani kila baada ya miaka michache jina jipya kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana diski.

Nabeba dhamana ya watu wengine huko porini. Nikiwa mbele kwenye mteremko na breki ikalegea, walio nyuma yangu nao wamo hatarini. Naomba mnisaidie: je, hizo Magura ni breki za kuaminika? Na spea nitazipata wapi miaka mitano ijayo, ikiwa wenyewe waliotengeneza pikipiki wameshaziacha?

Natanguliza shukrani.

Fundi Chuga

Mkuu, hoja ya mzee ina ukweli nusu. Bei ni sababu mojawapo, lakini kwa kundi la KTM kuna jambo kubwa zaidi. Husqvarna iko chini yao tangu 2013, na GasGas iliingia 2019. Chapa tatu zinatumia injini na fremu zinazofanana. Ukiweka breki moja, sasponshi moja na plastiki za rangi tofauti, mteja atauliza kwa nini alipe zaidi. Kwa hiyo wanazitenganisha kwa vifaa vya kufunga juu: KTM EXC shokomzoba ya nyuma imefungwa moja kwa moja bila viungo, Husqvarna ina viungo. KTM ikabaki na Brembo, Husqvarna ikapewa Magura, GasGas EC ikaja na Braktec na kuuzwa kama chapa ya bei nafuu. Uamuzi wa namna hiyo hutoka ofisini, haumaanishi kwamba kalipa ilipasuka mahali.

Na mabadiliko hayaendi upande mmoja tu. Kawasaki KX450 ya 2024 iliacha Nissin kwa breki ya mbele ikachukua Brembo. Honda na Yamaha wamebaki na Nissin kwenye motokrosi zao. Nissin nayo tangu Januari 2021 imeunganishwa na Hitachi, Keihin na Showa kuwa kampuni moja, na mwaka huohuo Brembo iliinunua J.Juan ya Hispania. Viwanda vyenyewe vya breki vinanunuana, kwa hiyo usitegemee jina la kwenye kalipa lidumu popote.

Kwa kazi yako mimi ningeangalia hali ya pikipiki kwanza. Diski ya mbele kwa zote mbili ni milimita 260, ya nyuma 220. Hapo hakuna anayemzidi mwenzake.

Kijana wa Ngong

Niaje wadau. Mimi napingana kidogo na Fundi. Huku Nairobi tunaoendesha enduro wikendi wengi wetu tuko kwenye KTM, na faida yake unaiona mambo yakiharibika. Pedi zako zikiisha ukiwa njia ya Magadi, kuna mwenzako ana pea kwenye begi. Silinda ya nyuma ikianza kuvuja, kuna mtu ana seti ya sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) nyumbani. Hiyo ni thamani halisi, haiandikwi kwenye jedwali la vipimo.

Ukinunua kitu kilichodumu sokoni matoleo manne tu, wewe ndiye utakuwa unaagiza kila kitu peke yako. Sisemi Magura ni mbovu. Nasema pikipiki ya kazi inataka spea ambazo jirani anazo.

Na siku ya kuuza, mnunuzi akiona Brembo haulizi maswali.

Mwana Tanga, Stuttgart

Ndugu yangu Mpare, niko Ujerumani na Magura ni majirani zetu, kiwanda chao kiko Bad Urach, mwendo mfupi kutoka hapa. Ni kampuni ya tangu 1893. Wanatengeneza breki za haidroliki za baiskeli za milimani pia, zinazoheshimika sana huku. Hofu kwamba ni breki za kubahatisha iondoe.

Ila kuna jambo moja nakuomba ulishike kuliko yote yatakayosemwa hapa: MAFUTA. Breki ya pikipiki hutumia mafuta maalumu ya breki yenye alama ya DOT. Lakini klachi nyingi za haidroliki za Magura hutumia mafuta ya madini, na hivi viwili havichanganywi hata tone. Sili za mfumo wa DOT hutengenezwa kwa mpira wa aina nyingine kabisa. Ukiziwekea mafuta ya madini zinavimba, pistoni inakwama. Na ukiweka DOT kwenye klachi ya mafuta ya madini, sili zinaharibika na klachi inapotea polepole, pengine ukiwa katikati ya safari.

Tatizo linakuja kwa sababu kwenye usukani una vikopo viwili vinavyofanana, kulia breki, kushoto klachi. Fundi aliyezoea KTM zenye Brembo anajua vyote viwili ni DOT, anamimina bila kusoma. Mtu aliyekuuzia anaweza kuwa alishafanyiwa hivyo bila kujua. Kifuniko kimeandikwa aina ya mafuta. Kisome kwa macho yako, kisha fungua kitabu cha pikipiki ulinganishe.

Binti Maskati

Kaka Mpare, salaam. Sisi huku Oman tunaendesha kwenye mchanga na kwenye wadi zenye mawe, na joto la kiangazi unalijua. Nimetumia Brembo, sasa natumia Husqvarna yenye Magura. Tofauti ninayoihisi ni ya mkononi: Brembo inauma mapema, ukigusa tu imeshika. Magura inapanda taratibu, unaminya zaidi kidogo ndipo inakaza. Kwenye mteremko wa kokoto mimi naipenda hiyo ya taratibu, gurudumu la mbele halifungi ghafla. Mwenzangu hawezi kuivumilia. Panda zote mbili kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu joto, chapa haitakuokoa, mafuta mapya ndiyo yatakayokuokoa. Mafuta ya DOT hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na maji. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana pedali inazama na pikipiki haisimami. Wewe unashuka milima ukiwa na wageni, usingoje mpaka yawe rangi ya chai. Angalizo: 5.1 inachanganyika na DOT 4, lakini DOT 5 tupu ni ya silikoni, hiyo iache dukani.

Mpare wa Njiro

Asanteni sana, dada Binti Maskati na wakuu wote. Hili la mafuta ya klachi sikuwa nalijua kabisa, na hapa mjini sijaona fundi anayeuliza kabla ya kumimina.

Swali jingine. Kuna jamaa ana kalipa ya mbele ya Brembo iliyotoka kwenye KTM iliyogongwa. Je, nikinunua Husqvarna, naweza kufunga kalipa hiyo nikaacha masta silinda (pampu ya kwenye liva) ya Magura juu? Nipate kuuma kwa Brembo bila kubadilisha kila kitu.

Fundi Chuga

Hapana mkuu, usifanye nusu nusu. Ngoja nieleze maana watu wengi wanadhani kalipa ndiyo breki.

Nguvu ya breki inatokana na uwiano wa pistoni ya juu na pistoni za chini. Chukua mfano wa masta silinda mbili, moja ina pistoni ya milimita 10, nyingine 9. Ukilinganisha eneo, ya 9 ni asilimia 81 ya ile ya 10. Kwa nguvu ileile ya vidole, hiyo ndogo inatoa presha kubwa zaidi kwa karibu asilimia 23. Lakini inasukuma mafuta kidogo, kwa hiyo liva inasafiri zaidi kabla pedi hazijashika. Milimita moja tu imebadilisha breki nzima. Kiwanda kilipochagua masta silinda kilihesabu na kalipa yake. Ukichanganya, unaweza kupata liva ngumu kama ukuta isiyo na nguvu, au laini inayogusa mshikio kabla pikipiki haijasimama. Na dalili hiyo huioni uwanjani gereji, utaiona kwenye mteremko.

Tena kuna boliti ya kushikia paipu. Zipo za uzi wenye hatua ya milimita 1.0 na zipo za 1.25, zote ni milimita 10 kwa unene. Brembo kwa kawaida ni 1.0, za Kijapani nyingi ni 1.25. Kwa jicho zinafanana. Ukilazimisha, umeua uzi wa kalipa.

Ukitaka kuhama, hama na seti nzima: masta silinda, paipu na kalipa kutoka pikipiki moja. Na kalipa iliyotoka kwenye pikipiki iliyogongwa mimi siifungi kwa mtu anayeongoza wageni. Huoni ufa wa ndani.

Kijana wa Ngong

Hapo kwa kuchanganya niko na Fundi mia kwa mia.

Ila bado nashikilia la spea. Na mkumbuke Novemba 2024 KTM yenyewe ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, mpaka Bajaj ya India ikaingiza pesa 2025 kuiokoa. Wakati kama huo vitu vya toleo la zamani ndivyo vinavyosahaulika kwanza.

Mwana Tanga, Stuttgart

Kijana wa Ngong, hoja yako ni nzito, ila igawe. Kuna vitu vinavyoisha na vitu visivyoisha. Pedi na diski zinatengenezwa na kampuni nyingi huru duniani, hazingoji KTM wala Magura. Hizo hazinisumbui. Kinachosumbua ni sili za ndani, pistoni, na mpira wa kikopo. Hivyo havina wingi sokoni. Kwa hiyo Mpare akinunua, aagize seti ya sili ya mbele na ya nyuma na ya klachi mapema, avihifadhi mbali na jua na mafuta. Ni vidogo, vinaingia kwenye bahasha. Ndugu akija likizo anavileta.

Mkuu, ukihitaji niulizie bei huku, nitumie namba ya chesisi kwa ujumbe binafsi.

Binti Maskati

Kaka, naongeza kitu kuhusu breki ya nyuma maana ndiyo inayoumiza wengi kwenye milima, na wanailaumu chapa. Pedali lazima iwe na mchezo kabla ya kushika, vitabu vya KTM vinasema milimita 3 hadi 5. Ikikosa huo mchezo, pedi zinagusa diski muda wote, mafuta yanachemka, pedali inakauka halafu inapotea. Ukienda kuikagua hiyo Husqvarna, bonyeza kwa kidole kabla ya kuiwasha. Kisha inua gurudumu la nyuma ulizungushe, lizunguke bila kukwaruza.

Mpare wa Njiro

Nimewaelewa. Nimeamua nikaikague Husqvarna Jumamosi, na fundi wangu nitamwonyesha maelezo haya yote kabla hajagusa kitu. Nikikuta mafuta ya klachi hayaeleweki, nitamwambia muuzaji apunguze bei kwa gharama ya kubadilisha sili zote za klachi, akikataa naondoka. Kalipa ya yule jamaa nimeshamwambia siichukui.

Fundi Chuga, nikufikie gereji nikitoka huko?

Fundi Chuga

Karibu mkuu, Jumamosi nipo mpaka saa kumi na mbili jioni. Nenda na tochi na kipimo cha unene. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, soma hapo, usikubali kuambiwa "bado iko sawa". Pedi zikibaki chini ya milimita moja zihesabu zimekwisha.

Kifuniko cha kikopo cha klachi kipige picha kabla ya kukifungua, kisha chovya karatasi nyeupe kwenye mafuta uje nayo. Kama kuna vipande vyeusi kama masizi, hizo ni sili zimeanza kuliwa, na bei tutaizungumza upya.