Tumemchukua paka mtu mzima, kajibana uvunguni hataki kutoka. Msaada wakuu

BabaDrakti:
Wakuu habari za sa hizi. Kuna mama jirani yetu hapa Tabata kahamia mkoani kwa mwanae, paka wake hakuweza kwenda naye, basi mke wangu akasema tumchukue sisi maana anamjua toka zamani, alikuwa anapita pita dirishani kwetu. Jike, ana kama miaka minne, kizazi kishafungwa. Sasa toka afike kaingia uvunguni mwa kitanda cha watoto kajibana kwenye kona ya ukuta hatoki, mchana hali kitu, usiku ndo unamsikia analia mpaka alfajiri, ukiwasha taa tu anarudi mbio kulekule. Nimemwekea maziwa hajagusa. Mama mkwe yupo hapa anasema tumuogeshe halafu tumfunge kamba mpaka aizoee nyumba. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu kila saa yupo sakafuni anataka kumvuta mkia. Halafu mke ni mjamzito, kazini wananiambia paka na mjamzito hawakai nyumba moja. Natamani sana akae, yule mama alilia wakati wanaagana. Nifanyeje?

MamaNuru_Tanga:
Pole baba, na hongereni kwa kumchukua, wengi wanataka vitoto vya paka tu, mkubwa hana wa kumtazama.

Huyo si kwamba haipendi nyumba yenu, ana hofu tu. Harufu zote alizozijua zimepotea siku moja, yule mama aliyemfuga hayupo, na amewekwa kwenye chumba chenye kelele kuliko vyote, cha watoto. Kama mna kachumba kadogo hata stoo, mhamishieni huko usiku watoto wakilala, msimvute kwa miguu, mwekeeni boksi la katoni limelazwa ubavu aone ni pango lake, sogezeni taratibu mpaka aingie mwenyewe. Humo humo maji, chakula, na beseni la mchanga, ila mchanga ukae mbali na chakula, paka hali chooni. Mlango ufungwe.

Kamba hapana jamani, akikurupuka anajinyonga. Kuogesha pia hapana, mwambie bibi kwa heshima kwamba paka si najisi, anajilamba mwenyewe, maji sa hivi yatamuongezea woga tu.

Sasa kitu ambacho watu hawakifikirii. Yule mama kama kaacha khanga kuukuu au kitambaa alichokuwa akilalia paka, kitafuteni, MSIKIFUE, kiwekeni ndani ya boksi. Na mpigie simu umuulize alikuwa anamlisha nini na saa ngapi. Wa kwangu alikuja kwangu mkubwa vilevile, alikuwa hataki chochote, kumbe alizoea kibua cha kuchemsha kilichopondwa pondwa kwenye kisahani cha bati, nilipomwekea hivyo hivyo akala usiku huohuo, asubuhi kisahani kimelambwa kinang'aa.

Jioni ingia ukae chini sakafuni, chezea simu yako, usimkazie macho. Akikutazama we fumba macho polepole ufumbue, kwao hiyo ni salamu. Akija kukunusa mkono usimshike, muache amalize kunusa.

mganga_wa_mifugo:
Naongezea ya afya. Maziwa acha, paka wengi wakubwa yanawaharisha, mpe maji. Kutokula ndo kitu cha kuangalia kwa makini: paka akikaa siku mbili bila kula kabisa usisubiri, peleka kwa daktari wa mifugo, maana mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na ini linaweza kufeli, hasa akiwa mnene. Samaki asitiwe chumvi wala kitunguu. Na kwa hali yoyote asipewe panadol hata kipande, inaua paka.

Mama mjamzito anaweza kukaa na paka. Hatari inayosemwa ni vimelea vya tokso (toksoplasma, vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni) vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka, navyo huchukua siku moja au zaidi tangu kinyesi kitoke ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo wewe baba ndo usafishe beseni kila siku, mke asilishike. Watu wengi wanavipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, hapo ndo pa kuangalia jikoni. Muulize yule mama pia kama paka alichanjwa kichaa cha mbwa, kama hajui mchanje huyo paka.

Kinyozi_Temeke:
Mkuu hujaona tatizo kubwa, nyumba ya zamani ipo jirani hapo hapo! Ukimfungulia mapema anarudi kwenye ile nyumba tupu kukaa mlangoni, na mpangaji mpya akiingia akatega sumu ya panya umempoteza, hata kula panya aliyekufa kwa sumu kunatosha. Mkalishe ndani wiki tatu au zaidi, siku ya kwanza ya kumtoa mtoe kabla hajala ili njaa imrudishe. Na kila ukimlisha gonga sahani kwa kijiko, ataijua hiyo sauti.

BabaDrakti:
Mungu awabariki. Nimempigia yule mama, anasema alikuwa anampa dagaa wa kuchemsha na ubwabwa kidogo baada ya magharibi, na katuachia upande wa khanga kwa dalali wa nyumba, nimeufuata. Kala jana usiku, sio wote ila kala. Mama mkwe kaelewa, yeye ndo anamchemshia dagaa sa hivi. Swali la mwisho, huyu mtoto mdogo nimruhusu lini?

MamaNuru_Tanga:
Alhamdulillah. Paka akishaanza kutoka mwenyewe kuja kwako, ndo umuingize mtoto, mmoja tu na wewe umekaa naye. Amrushie kidagaa sakafuni, asimshike. Paka akienda zake asimfuate, na kwenye boksi mtoto asiingize mkono kabisa. Akitikisa mkia kwa nguvu au masikio yakilala nyuma, mtoe mtoto, mjaribu kesho.