Jozani na watoto wa miaka 3 na 6: njia wataiweza?

BintiKikwajuni
Asalaam alaykum. Nataka kuwapeleka wanangu msitu wa Jozani, hapa Unguja, Jumamosi ya wiki ijayo. Mmoja ana miaka 3, mwengine 6, na kuna kichanga cha miezi 9 ambaye hana wa kuachiwa. Tunatoka Mjini kwa daladala. Mtoto wa miaka 3 ataimaliza njia ya msituni kwa miguu yake? Kigari cha kusukuma kitapita? Na tuanze na nini, kima, msitu au mikoko? Nimetajiwa nyoka mpaka nimeanza kusita.

Mwanamsitu
Waalaykum salaam dada. Kigari kiache nyumbani. Msitu ule umeota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa udongo, kwa hiyo mizizi haina haja ya kuzama, inatambaa juu juu na kukata njia kila baada ya hatua chache. Gurudumu halipiti hapo. Kichanga mfunge mgongoni kwa kanga. Kifuani usimfunge, maana hutaiona miguu yako, na mizizi hiyohiyo ndiyo inayoangusha watu wazima. Awepo mtu nyuma yako wa kumwangalia, matawi yasimchape usoni.

Njia yenyewe ni tambarare, hakuna kilima. Mtu mzima anaimaliza chini ya saa moja. Nyinyi wekeni saa moja na nusu. Wa miaka 3 atakwenda vizuri nusu saa ya mwanzo, kisha ataketi chini na kugoma, na hapo wazee wengi hufikiri amechoka miguu. Mara nyingi ni kiu. Chini ya miti hakuna jua lakini hewa ni nzito, mtoto anatoka jasho bila kujua. Simameni kila dakika 10 au 15, mafunda mawili matatu ya maji, *kabla* hajaomba. Chukua nusu lita kwa kila mtoto na lita moja kwa kila mtu mzima. Na huyo mdogo ndiye apange mwendo: muongozaji mbele, wa miaka 6 nyuma yake, mdogo katikati, wewe mwisho. Ukimwacha mdogo mwisho atakimbia kuwafikia na ataanguka.

Fikeni saa mbili asubuhi. Anzeni na kima, kisha msitu, mikoko mwisho. Kima asubuhi wanakula chini chini na wanaonekana. Jua likipanda wanapumzika juu ya miti, na mtoto wa miaka 3 haoni kitu kilicho juu ya mti mrefu hata umuoneshe kwa kidole mara kumi.

Kiatu kiwe raba iliyofungwa. Ndara zinanasa kwenye mzizi.

Haji wa Kusini
Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Hatari kubwa ya Jozani kwa mtoto mdogo si nyoka, ni barabara. Kima punju, wale wa mgongo mwekundu, wanaozoea watu wako zaidi upande wa mashambani, na kuwafikia kutoka getini mnavuka barabara kuu inayokwenda Makunduchi, Jambiani na Paje. Matuta yapo, yamewekwa hasa kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga kima, lakini kuna madereva wanaokanyaga mafuta mara tu wakishalipita tuta. Mtoto akimuona kima ng'ambo anatoka mbio. Mshike kifundo cha mkono, si kidole, tangu mnashuka kwenye gari.

Mkishawafikia, simameni hatua tano au sita na muache wao ndio wasogee wakitaka. Msisimame chini ya tawi walilokaa, wanajisaidia kutoka hukohuko juu. Mwambie huyo wa miaka 6 atazame mkono wa kima anapovuta jani: vidole ni vinne, dole gumba hakuna. Akishaliona hilo atakaa kimya dakika kumi anahesabu.

Chakula wasipewe kabisa, hata ndizi. Tumbo la punju limeumbwa kwa majani, linayachachusha polepole, na tunda bivu la sukari linalivuruga. Wenyewe wana dawa yao: wakila majani machanga ya mwembe na mkungu hutafuta makaa kwenye matanuri ya zamani na kuyatafuna, yanapunguza sumu ya majani hayo. Mtoto mwenye mafua asikaribie, maradhi yetu ya kifua yanaweza kuwapata. Wale kima wengine wa rangi ya kijivu ni habari tofauti, wanaweza kupora. Maandazi yakae ndani ya mkoba uliofungwa mpaka mrudi getini.

Mwanamsitu
Kweli kabisa kuhusu barabara.

Bi Shamba
Kuhusu nyoka: wapo, lakini wakisikia mtetemo wa miguu wanaondoka. Kanuni ni mbili tu: hatutii mkono mahali tusipopaona, hatutoki nje ya njia. Gogo lililolala watoto wanalipenda, lakini usimkalishe juu yake kabla hujalitazama pande zote, kuna tandu na nge wanaokaa chini ya magamba.

Siafu ndio wa kuwajua, khasa baada ya mvua. Utawaona kama uzi mweusi unaotiririka kukata njia. Mbebe mtoto muuruke, na msisimame karibu kupiga picha, maana walinzi wao wametawanyika nje ya safu. Siafu anapanda kimya mpaka juu, ndipo anauma. Mtoto akianza kulia ghafla bila sababu, kwanza ondokeni hapo hatua ishirini, ndipo umvue suruali, uwatoe mmoja mmoja kwa kuwabana kichwa. Kosa la kawaida ni kumvua palepale, juu ya siafu wenyewe. Soksi ndefu zilizovaliwa *juu* ya mguu wa suruali ndefu zinazuia sehemu kubwa ya balaa hili, na mbu pia.

Dawa ya mbu tia kwenye kiganja chako kwanza, kisha umpake. Mikono ya mtoto usiipake, kwa sababu anaitia mdomoni na machoni.

Upande wa mashambani angalieni upupu, yale maganda ya kahawia yenye vinyweleo. Ukimgusa mtoto, usimsugue kwa nguo, unazidi kuvipachika. Bandika selotepu pale panapowasha, ubandue, urudie.

BintiKikwajuni
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Selotepu nisingeifikiria. Sasa mikoko: twende maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?

Haji wa Kusini
Inategemea unataka waone nini. Maji yakipwa, matope yanakuwa wazi, kaa wanatoka mashimoni, na mizizi ya mchu, aina moja ya miti ya mikokoni, inaonekana imesimama kama misumari elfu. Yakijaa wanaona samaki wadogo wakipita baina ya mizizi ya mkoko. Kwa watoto mimi nachagua kupwa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakuwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo siku hizo badilisheni mpango: kima, mikoko, halafu msitu. Siku za maji mafu, zile za baina ya bamvua mbili, saa hizo ndiyo yamejaa.

Njia ya pale ni ya mbao, fupi. Ubao ukiwa umelowa unateleza, na watoto hupenda kuinama ukingoni, kwa hiyo kila mtoto awe na mkono wa mtu mzima. Mtafutieni jani la mchu, alipitishe ulimini: lina chumvi, mti unaitoa kwenye majani.

Mpemba wa Konde
Wenye watoto huku Pemba, msitu wa Ngezi ni mrefu na mtulivu, mivule mikubwa na mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao haupatikani kwengine, lakini kwa wa miaka 3 kaeni kwenye njia fupi. Kama lengo ni mnyama, Kidike ni bora: mwendo mdogo na popo wamening'inia mchana kweupe. Popo akianguka chini mtoto asimguse, na msipige kelele kuwarusha. Wanapumzika mchana ili wale usiku.

Mwanamsitu
Dada, chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari, kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni havilingani. Na mtoke kabla ya alasiri, baada ya hapo daladala za kurudi mjini zinapungua, na kusimama kando ya barabara ile na watoto watatu waliochoka sikushauri.