Klabu ya kukimbia isiyo na mwajiriwa: mwaka mzima mnaupangaje?

Katibu wa Mbagala (mwenye swali)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya kukimbia hapa Mbagala, Dar es Salaam. Tulianza kama kikundi cha mchakamchaka cha Jumapili, watu wa mtaa mmoja tu, na sasa wanakuja hata wa mitaa ya jirani. Hakuna anayelipwa. Shida yetu ni kwamba klabu hujaa Januari na Februari, hupukutika masika yakianza, kisha hufufuka ghafla likitangazwa bonanza au mbio zenye medali na fulana. Katika vipindi vyote hivyo kazi ya kukumbusha watu kwenye kundi la WhatsApp, kukusanya michango, kubeba maji na kuchagua njia hubaki kwa watu wale wale watatu, na mmoja wao ameshatamka kuwa mwakani hataendelea. Ningependa kusikia kutoka kwa waliodumu katika klabu za namna hii: mnaupangaje mwaka, mnagawanaje kazi, na je, ni lazima mbio kubwa ndizo ziongoze ratiba?

Mkimbiaji wa Kinondoni

Marahaba, katibu. Sisi hupanga mwaka kwa kufuata hali ya hewa kwanza, na mbio tunazichomeka baadaye.

Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi ni kaskazi, joto na unyevunyevu vinazidi, na mtu mgeni akipelekwa kilomita 10 katika hali hiyo harudi Jumapili inayofuata. Bahati mbaya ndicho kipindi ambacho wengi wanajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo tangu 2003 hufanyika Moshi, mara nyingi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo tunakuwa na makundi mawili: wageni wanakimbia na kutembea kwa nusu saa, na wanaojiandaa kwenda Moshi wanaanza mapema zaidi kwa mbio ndefu. Hao wa Moshi tunawapeleka kwenye miinuko ya Kimara na Pugu, kwa kuwa njia ya kule hupanda kuelekea Mweka, na mtu aliyezoea barabara tambarare za ufukweni pekee huumia sana. Miaka hii Ramadhani nayo, ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, imeangukia Februari na Machi. Wanaofunga tunawaandikia mazoezi mepesi ya jioni ndani ya ratiba ile ile ya klabu. Tukiwaambia wajipange wenyewe, tunakuwa tumewaondoa bila kusema.

Masika ndiyo msimu unaoua klabu, na ndipo ninapokushauri uweke akili yako yote. Hatujaribu kushindana na mvua. Tunaomba darasa moja la shule ya msingi kwa kibali cha mwalimu mkuu, tunafanya mazoezi ya viungo, na tunaitisha mkutano mkuu wa mwaka wakati huo huo, kwa kuwa watu wana nafasi na hakuna mbio inayowavuta. Viongozi wapya wanachaguliwa Mei badala ya Desemba. Anayeingia Mei anakuta kipupwe mbele yake, hewa ya baridi kiasi, watu wenye hamu, naye anapata miezi mizuri ya kujifunza kazi kabla ya joto kurudi. Wanachama wapya pia tunawatafuta Juni na Julai. Wale wa Januari huja na maazimio ya mwaka mpya, na sote tunajua maazimio hayo hukaa muda gani.

Angalizo moja kuhusu kipupwe: Julai jua la Dar huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, ilhali Novemba linakuwa limeshachomoza kabla ya saa kumi na mbili kamili. Klabu inayoanza saa kumi na moja na nusu mwaka mzima hukimbia gizani sehemu kubwa ya Julai. Sogezeni muda wa kuanza, au vaeni vizibao vya reflekta. Na kama mna mazoezi ya Jumamosi, kumbukeni kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo msipange jambo kubwa siku hiyo.

Kuhusu kazi, tuliacha kutafuta watu wenye moyo wa kujitolea na badala yake tukazikata kazi ziwe ndogo. Kila mwezi una watu wawili wa zamu, mmoja wa maji na mmoja wa njia, na zamu ikiisha imekwisha. Cheo kisicho na tarehe ya mwisho hugeuka ajira isiyo na mshahara.

Mama wa Tabata

Kaka wa Kinondoni ameeleza vizuri, ila amesahau mkia, na kwa maoni yangu mkia ndio klabu yenyewe. Wanaoongoza mbele watakimbia hata klabu isipokuwepo. Aliye nyuma, hasa mama mwenye umri wangu ambaye hajawahi kuvaa raba tangu shuleni, anaangalia jambo moja tu: je, ataachwa peke yake barabarani alfajiri, mbele ya bodaboda na maneno ya vijana wa kijiweni?

Kwetu kuna mtu wa zamu ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Haruhusiwi kumpita yeyote, ana simu yenye salio, na ana nauli ya bajaji ya kumrudisha aliyeshindwa. Wakimbiaji wenye kasi nao huchukua zamu hiyo, wala hawasamehewi kwa sababu wanajiandaa na mbio. Tangu utaratibu huo uanze, wanawake wameongezeka kuliko wakati wowote tuliotangaza fulana za bure. Njia nayo iwe ya mzunguko mfupi unaorudiwa, ili kila mtu akatishe anapochoka akiwa bado yuko karibu na wenzake. Na mwaka uanze kwa kupima shinikizo la damu. Muuguzi mmoja wa zahanati ya jirani, akiombwa kwa adabu na kwa wakati, huja.

Mzee wa Unguja

Nawapongeza nyote, lakini naomba nitofautiane kidogo. Bila siku kubwa ya kuitazamia, klabu ya kujitolea hulegea. Si lazima iwe mbio ya kulipia. Huku Zanzibar tuna Siku ya Mazoezi Kitaifa kila tarehe 1 Januari, na vikundi vya bara huvuka bahari kuja kukimbia pamoja nasi barabarani kwa nyimbo. Hakuna anayeulizwa dakika zake. Kwa klabu changa siku kama hiyo ina faida kuliko medali, kwa sababu mzito na mwepesi wanasafiri pamoja na kurudi pamoja.

Jambo ambalo hamjaligusa ni fedha. Klabu ninayoijua vizuri ilikaribia kuvunjika kwa sababu michango ya fulana ilitolewa rambirambi msibani. Hakuna aliyeiba hata senti, na nani angekataa kutoa? Ila waliolipa walitaka fulana zao, na kuwadai viongozi mbele ya wafiwa ilikuwa aibu kwa kila upande. Tenganisheni mifuko: wa maji na dawa, wa safari, na wa kufaana kwenye misiba na ugonjwa, kila mmoja na ukurasa wake katika daftari, na mweka hazina asome hesabu hadharani kila mwezi hata kama hakuna kilichoingia.

Katibu wa Mbagala

Nashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Suala la uchaguzi wa Mei nitalipeleka kwenye kikao. Swali dogo la mwisho: tukitaka kufungua akaunti kwa jina la klabu, tuanzie wapi?

Mkimbiaji wa Kinondoni

Anzia kwa afisa michezo wa halmashauri yenu, ukiwa na rasimu ya katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha klabu na orodha ya wanachama. Vyama na klabu za michezo husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na benki itakuuliza cheti cha usajili huo. Katika katiba andikeni watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na mmoja wao asiwe kiongozi. Mifuko mitatu aliyoitaja mzee wa Unguja nayo iingie humo humo, maana ikibaki ya mdomo, uongozi ujao utaichanganya tena.