Kikundi: WANAUME WA MAMA

ALHAMISI

Amani 06:12
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo. Naomba ujumbe huu msome mpaka chini, sio kama mwaka jana mnasoma mstari wa kwanza mnajibu amina. Sikukuu imebaki wiki 3 tu. Kwanza nataka kujua nani anafika lini, pili mchango, tatu saizi za mashati ya watoto maana anayeshona anataka vipimo mapema, la nne ndo kubwa, fundi kapita kwa mama jana kuangalia ile kazi ya rangi, akagonga fremu ya mlango wa chumba chetu ikalia kama debe tupu. Mchwa. Wameila kuanzia chini, ndani kwa ndani, kwa nje unaona mbao nzima kumbe limebaki ganda. Anasema ing'olewe yote ndo apake rangi, na Jumanne anaweza kuanza. Naomba majibu LEO.

Amani 06:13
Na mnajua ni fremu ipi, ile baba aliyokuwa anachora mistari ya urefu wetu. Msije kuniuliza baadaye.

Amani 09:40
Tiki za bluu naona sita.

Mjomba 09:52
Amina

Amani 09:53
Mjomba jamani

Mjomba 09:55
Nimesoma mpaka chini. Hii ni amina ya chini

Kulwa 12:31
😂😂😂 Mi kuhusu mashati nna ombi moja tu, ile rangi ya mwaka jana isirudi. Kwenye picha tumekaa kama wachezaji wa akiba

Amani 12:33
Kulwa unakuja lini?

Amani 12:50
Kulwa

Neema 13:08
Shemeji Amani hilo la mashati kwa wanangu naomba lisubiri, wa kwanza ana miaka 14 na tangu sikukuu iliyopita kaongezeka sentimita 9, nimempima mwenyewe, na viatu ndo usiseme, miguu yao inatangulia kukua kabla ya mwili, tumenunua jozi ya shule juzi tu hapa vidole vishaanza kugonga mbele. Ukishona leo kwa kipimo cha leo siku yenyewe mikono ya shati itaishia kwenye viwiko. Mpe fundi cherehani kipimo cha wadogo wawili kwanza. Na sauti ndo hiyo inavunjika, anaanza sentensi kama baba yake anaimalizia kama mtoto mchanga, naomba mtu asimcheke mezani, Mjomba nakuomba wewe hasa.

Mjomba 13:10
Mimi nimefanya nini

Neema 13:11
Bado. Ndo maana naomba mapema.

Amani 13:15
Shem asante, wewe peke yako ndo unajibu kama mtu mzima. Kaka Baraka yuko wapi? Yeye anafika lini?

Neema 13:16
Yuko hapa pembeni yangu anasoma anacheka

Amani 13:17
BARAKA

Neema 13:40
Na kabla sijasahau. Jikoni mwaka huu mtu mzima mmoja asimame pale muda wote mafuta yakiwa motoni. Mwaka jana watu mlilichukulia kama kichekesho ila mi nilimkuta yule wa kati kashika jagi la maji na sufuria inawaka, ningechelewa hatua tatu tungekuwa tunaongea mengine. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yanazama chini yanageuka mvuke papo hapo, yanayarusha yale mafuta juu yakiwa yanawaka, moto unafika darini. Unazima jiko, unafunika na mfuniko, unaacha yapoe yenyewe, hufunui kuchungulia. Sasa nani atasimama?

Kulwa 13:44
Mtu mzima, kwenye jiko letu, tutamtoa wapi

Bahati 13:45
Mi nipo

Kulwa 13:45
Kasema mtu mzima

Mjomba 13:47
Bahati huyu aliyetia chumvi kwenye chai ya wageni?

Bahati 13:48
Nilikuwa na miaka 8!!! Mpaka lini?

Kulwa 13:49
Mpaka wale wageni warudi watusamehe

Mjomba 13:49
Na hawajarudi 😂

Bahati ametoka kwenye kikundi

Amani 13:58
Haya mmefurahi? Yeye ndo anakaa karibu na mama, nani sasa atamfungulia fundi mlango?

Amani amemwongeza Bahati

Bahati 14:20
Nimerudi kwa ajili ya mama tu

Neema 14:31
La mafuta hamjajibu.

IJUMAA

Amani 06:05
Turudi kwenye mlango. Fundi anataka jibu. Mi pendekezo langu ni hili, tupige picha fremu yote, karibu karibu, kila mstari usomeke, halafu ing'olewe. Huwezi kukaa na mchwa ndani eti kwa sababu ya kumbukumbu, leo fremu kesho paa.

Kulwa 06:48
Naunga mkono. Picha zinatosha

Amani 06:50
Kulwa umeamka! Unakuja lini?

Doto 10:22
Ing'olewe tu. Mi ule mlango sina mapenzi nao

Kulwa 10:24
Tumeanza

Doto 10:25
Hatujaanza, hatujawahi kumaliza

Amani 10:26
Jamani naomba. Leo tuongee tarehe

Doto 10:31
Hapana kaka, subiri, we unataka watu waseme ya moyoni kuhusu mlango nasema ya moyoni. Miaka yote tulikuwa sawasawa mimi na huyu, mstari mmoja majina mawili. Mwaka ule tuna miaka 14 yeye kapimwa asubuhi katoka kulala, mimi nimetumwa, nikarudi nikaunganisha mpira, nikapimwa jioni jua linazama. Sentimita moja. MOJA. Na kwa sentimita hiyo nikalala deka ya chini mwaka mzima, mtu ananidondoshea soksi usoni kila usiku na asubuhi anakanyaga mto wangu akishuka

Kulwa 10:33
Soksi zilikuwa zinadondoka zenyewe

Doto 10:33
Zote mbili? Kila siku?

Mjomba 10:35
Mimi naamini upepo

Neema 10:41
Ila Doto ana hoja. Mtu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, hii hata kazini kwetu tunaijua. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vile visahani laini, mchana kutwa ukisimama na kubeba vitu vinabanwa, usiku ukilala vinafura tena. Tofauti inaweza kufika sentimita 1.

Doto 10:42
😶

Doto 10:42
SHEM

Doto 10:43
Miaka 20 hakuna aliyenieleza hiki kitu

Kulwa 10:44
Shem umempa silaha, hutaki amani kwenye hii familia

Amani 10:45
Msitaje jina langu kama hamjibu maswali yangu

Kulwa 10:51
Mi nasema hivi, baba alipima, baba akaandika, kesi imefungwa. Na mi ndo niliyetangulia kuzaliwa dakika 20, hizo hapa duniani nilikuwa nakua wakati wewe unajivuta

Doto 10:52
Deka ya juu naidai

Kulwa 10:52
Una mke na kitambi, utaipandaje?

Doto 10:53
Haikuhusu. Naidai

Amani 10:58
Ok kwa hiyo nimeandika: Doto na Kulwa hawajasema tarehe, Baraka hajasema kitu chochote tangu tuanze, Mjomba ametoa amina. Mchango ni ule ule wa mwaka jana, waliotuma mpaka sasa hakuna. Nami nimo kwenye hakuna, nitatuma wa kwanza, ila na nyie mfuate.

Bahati 17:15
Kwani zamu za kazi mwaka huu zinakuwaje? Maana watoto wa siku hizi ukimwambia oga anauliza sababu

Neema 17:22
Wangu wataosha vyombo, wanaosha hata nyumbani. Ila msiwaamshe alfajiri kama mlivyokuwa mnaamshwa nyie, yule mkubwa umri wake anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya kulala na mwenyewe usingizi unamjia usiku mkubwa, sio uvivu

Mjomba 17:24
Sisi tulikuwa tunaamshwa na maji

Kulwa 17:25
Ndo maana mjomba hukurefuka

JUMAMOSI

Bahati 11:03
[picha]

Bahati 11:03
[picha]

Bahati 11:04
[picha]

Bahati 11:09
Nimekuja kupiga picha kama kaka Amani alivyosema. Chini kabisa pameshaenda, ile mistari yetu ya kwanza kwanza tukiwa hata hatujui kusimama vizuri hamna, ukigusa kidole kinazama na unga unamwagika. Kuanzia kama kwenye paja langu kwenda juu mistari ipo. Penseli haijafutika, ile nene ya kazini aliyokuwa anaiweka sikioni. Angalieni picha ya tatu, ivuteni iwe kubwa, pembeni ya jina la Doto mwaka ule ule mnaogombania

Amani 11:12
Kuna nini? Mi naona doa

Bahati 11:13
Sio doa. Kuna herufi. Kaandika j. Ndogo. Kwa wengine wote hakuna, nimeangalia mmoja mmoja

Neema 11:15
J ya jioni?

Doto 11:15
JIONI

Doto 11:15
Alijua. Mzee alijua

Kulwa 11:17
Au Jumapili

Doto 11:17
Kulwa acha

Kulwa 11:18
Mi nasema tu inaweza kuwa Jumapili, we mbona unapandisha, mzee alikuwa anaandika siku kwenye kila kitu hata kwenye betri za redio

Doto 11:19
Kwa hiyo mimi peke yangu nilipimwa Jumapili na wewe uliyepimwa siku hiyo hiyo ukapimwa siku gani?

Mjomba 11:25
Hapo Kulwa umeshikwa

Kulwa 11:40
Ujumbe huu umefutwa

Amani 11:41
Umefuta nini?

Kulwa 11:46
Nilikosea kikundi

Amani 12:02
Sasa wakuu, picha tunazo. Nampigia fundi nimwambie Jumanne aje. Mwenye pingamizi aseme kabla ya saa 10 jioni.

Amani 16:05
Hakuna pingamizi. Nampigia

Mama 16:09
Usimpigie

Mama 16:31
Nimesoma yote mengine Bahati kanisomea. Mnagombania sentimita moja mpaka leo. Lile daftari lililokuwa linawekwa vichwani mwenu ili mstari usiende upande nilikuwa nalishika mimi baba yenu anaandika. Watoto watano miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyesema mama na wewe simama. Sikudai wala sidai. Jana usiku Bahati alipoondoka nimesimama pale mwenyewe nikajipima kwa kiganja. Mstari wa Bahati wa miaka 13 nilikuwa nalingana nao siku ulipochorwa. Sasa umenipita vidole viwili. Fundi asiguse mlango mpaka mfike wote watano. Penseli ninayo.

Amani 16:33
Sawa mama

Neema 17:50
🙏🏾

Mjomba 19:26
Dada nimekusikia.

Doto 21:14
Mama mi nakuja Ijumaa ile kabla ya sikukuu. Asubuhi mapema nipo mlangoni

Bahati 21:20
Mi kesho nitapitia tena kwake

Amani 21:38
Mama tumekusikia. Wakuu sasa hapa kuna tatizo na naomba tulitazame kama watu wazima, nimeongea na fundi kwa upole kabisa, anasema akikosa Jumanne anaingia kazi nyingine na hatoki mpaka sikukuu ipite. Maana yake tutakula sikukuu na ukuta nusu umekwanguliwa na mchwa wakiwa pale pale. Mi nimetafuta njia ya katikati, apake rangi kwingine kote Jumanne, ile fremu aizunguke, halafu akitoka kwenye hiyo kazi nyingine arudi aing'oe. Na mwenye kujua dawa ya kuwazuia mchwa wasipande juu mpaka siku hiyo aseme, maana vipimo vya mama vitachorwa huko juu na wao wanapanda.

Amani 21:39
Na ile sehemu nzima ya juu nataka tuulize kama inaweza kukatwa ikawekwa ndani, mi ntaibeba kwenye gari

Kulwa 21:44
Kwa nini ikae kwako?

Amani 21:44
Sijasema ikae kwangu, nimesema ntaibeba

Mjomba 21:46
Hapo ndo kesi ya miaka 20 mingine inapozaliwa

JUMAPILI

Baraka 07:02
Shati langu saizi ile ile

Amani 07:03
Kaka!! Hilo lilikuwa la Alhamisi

Baraka 07:30
Nitakuwepo. Huyo fundi niachieni mimi, nitaongea naye leo. Mama apimwe wa kwanza, juu ya wote hata kama mstari wake uko chini.

Kulwa 08:15
Mi kusema ukweli wiki hiyo nipo zamu. Mapema kabisa ni Jumamosi usiku, nikitoka kazini naunganisha moja kwa moja

Doto 08:16
Usiku utapimwa mfupi

Kulwa 08:16
😂😂😂 mshenzi wewe

Kulwa 08:17
Ntalala hapo hapo mnipime nikiamka

Doto 08:17
Deka ya chini

Amani 08:20
Kwa hiyo ni Jumamosi au Ijumaa? Mama kasema wote watano kwa pamoja. Kulwa, hamna mtu wa kubadilishana naye zamu?

Amani 08:52
Kulwa

Neema 09:10
Na wa kusimama jikoni bado hamjamtaja.

Bahati 09:12
Nimesema mi nipo